Kuoka vitamu kwa donge la lozi la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Donge la lozi ni lozi zilizomenywa, zikasagwa na sukari, kisha zikashikanishwa kwa ute wa yai au kwa shira. Ni hayo tu. Ajabu ni kwamba vitu vitatu vinaweza kuzua maswali mengi kiasi hiki. Ukiyasoma hadi mwisho utaona kwamba matatizo karibu yote yana wazazi wawili: maji yaliyobaki mahali yasipotakiwa, na joto lililokuja kabla ya wakati wake.

Donge la lozi na marzipani si kitu kimoja?

Ni ndugu, lakini si pacha. Donge la kuokea lina lozi na sukari kwa uzito sawa, au lozi zimezidi kidogo. Marzipani ina sukari zaidi, wakati mwingine mara mbili ya lozi, ndiyo maana ni laini, nyeupe, na inakubali kusukumwa ikafunika keki au kufinyangwa maumbo ya matunda kama wanavyofanya Palermo, kisiwani Sisilia. Ukiitia marzipani ya namna hiyo ndani ya biskuti, sukari inayeyuka, biskuti inatambaa kwenye trei, na pembeni panaungua kabla katikati hapajaiva.

Ujerumani wameliandikia kabisa jambo hili: donge ghafi lisizidi asilimia 35 ya sukari na asilimia 17 ya maji, na sukari inayoongezwa juu ya hapo ndiyo inayoligeuza kuwa marzipani. Kwa hiyo ukinunua la dukani, soma nyuma ya pakiti kabla ya kuamini jina lililo mbele. Kiungo kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Kikiwa ni sukari, hilo ni la kupambia.

Na siagi ya lozi je? Naweza kuitumia badala yake?

Hapana. Ile ni lozi zilizokaangwa na kusagwa mpaka zikatoa mafuta, haina sukari, na inamwagika kijikoni. Nzuri kwa mkate asubuhi.

Nipe vipimo.

Lozi zilizomenywa gramu 250, sukari ya unga gramu 250, ute wa yai moja (kama gramu 30 hadi 35), chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na arki ya lozi robo hadi nusu kijiko cha chai. Utapata zaidi kidogo ya nusu kilo.

Tumia mizani. Kikombe cha lozi nzima na kikombe cha lozi zilizosagwa havina uzito mmoja, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea halafu wakamlaumu aliyewapa vipimo. Ute nao usiumwage wote kwa mara moja. Tia nusu, kanda, angalia, kisha ongeza matone. Kuna siku donge linashikana kabla ute haujaisha, hasa lozi zikiwa mbichimbichi. Ukibaki, uache ubaki.

Mimi binafsi nikijua donge linakwenda kwenye keki ya matunda matamu, napunguza sukari hadi gramu 200. Ladha ya lozi inasikika vizuri zaidi.

Ni lazima kumenya maganda?

Si lazima, ila ganda la lozi lina ukakasi na linaacha madoa ya kahawia. Kwa biskuti za shambani shambani, zenye sura ya kahawia na ladha nzito, liache. Kwa donge jeupe, menya.

Chemsha maji, mimina juu ya lozi, hesabu dakika moja, mwaga, kisha zimwagie maji baridi. Binya kila lozi kwa kidole gumba na cha shahada: inaruka kutoka kwenye ganda lake kama samaki anayeteleza mkononi. Kazi hii wape watoto, wataifurahia na utazikuta lozi mpaka chini ya kabati. Usiziache kwenye maji ya moto kwa muda mrefu, maana zinayanywa, na maji hayo utayalipia baadaye.

Baada ya kumenya, zikaushe. Hatua hii watu wanairuka, nami niliiruka miaka kadhaa. Nilikuwa nazifuta kwa taulo, naziona kavu, nasaga. Donge likawa zuri siku ya kwanza, siku ya sita likawa na madoa ya kijani. Lozi ilikuwa kavu kwa nje tu. Sasa nazitandaza juu ya kitambaa usiku kucha, au naziweka kwenye oveni ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 15, kisha naziacha zipoe kabisa. Zisibadilike rangi. Vunja moja: ikikatika kwa mlio, iko tayari, ikijipinda kama mpira, bado.

Nikinunua lozi zilizokwisha kusagwa?

Inafaa, na kwa mtu mwenye haraka ni nafuu kubwa. Zionje kwanza. Lozi zilizosagwa huchacha upesi kuliko nzima kwa sababu mafuta yake yamekutana na hewa, na mafuta yaliyochacha hayafichwi na sukari wala arki. Zipitishe kwenye chekeche, na usishangae zikihitaji ute kidogo zaidi, kwa kuwa huwa kavu sana.

Kila nikisaga, zinatoa mafuta na kuwa uji. Nakosea wapi?

Karibu nusu ya uzito wa lozi ni mafuta. Yamefungiwa ndani ya vijumba vidogo, na kisu cha mashine kinavikata vijumba hivyo kimoja kimoja. Kisu kikizunguka mfululizo kinapata joto, mafuta yanalainika na kutoka, na ukiendelea kidogo tu umeshavuka mpaka: unayo siagi ya lozi.

Kinga yake ni mambo manne, na ukiyafanya yote hutakosea. Weka lozi kwenye friza nusu saa kabla. Saga pamoja na angalau theluthi ya sukari tangu mwanzo, kwani sukari hunyonya mafuta yanayoanza kutoka na kuzitenganisha chembe. Bonyeza na kuachia, sekunde mbili au tatu kila mara, usiishikilie mashine. Na kila baada ya mibonyezo kama mitano, zima, fungua, kwangua pembeni na chini, kwa sababu zilizo karibu na kisu zinakuwa uji wakati zilizo juu bado vipande.

Mashine ikianza kunuka lozi za kukaanga, hiyo si harufu ya kushangilia. Simama, iache ipoe.

Likikutokea tayari, angalia limefika wapi. Kama bado ni unga unaong'aa na kushikana, ongeza vijiko viwili vya sukari ya unga na ute kidogo wa baridi, kisha kanda kwa mkono taratibu. Mara nyingi linarudi. Kama limeshakuwa la kumiminika, lipake kwenye mkate, anza upya. Nimewahi kubisha na gramu 400 za namna hiyo, nikaongeza sukari, nikaongeza tena, mwisho nikapata kitu kitamu kisicholika na mafuta yakiwa bado yanaelea juu.

Lozi chungu zinaongeza harufu. Nitie ngapi?

Usitie. Lozi chungu ina amigdalini, ambayo ikisagwa na kukutana na maji hutoa sianidi, sumu yenyewe ile inayotajwa kwenye hadithi za upelelezi. Kokwa za ndani ya aprikoti nazo zina jambo hilohilo, kwa kuwa mlozi, mpichi na mwaprikoti ni miti ya jamaa moja. Viwanda vina njia ya kuiondoa sumu hiyo. Jiko la nyumbani halina.

Harufu ile watu wanayoiita "ya lozi" kwa kweli ni harufu ya lozi chungu, inayotokana na benzaldehaidi. Lozi tamu peke yake ni mpole mno, ndiyo maana tunatia arki. Arki nayo ina nguvu: tone moja likizidi, keki nzima inanuka kama sabuni. Anza na robo kijiko cha chai, acha donge lilale usiku, onja kesho yake. Harufu hukua.

Ute mbichi ni salama?

Ukioka, joto linamaliza kazi. Kama donge litaliwa bila kuokwa, na hasa kama kuna mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa mezani, tumia shira badala ya ute.

Chemsha sukari gramu 250 na maji mililita 80 mpaka nyuzi 115 au 116. Huna kipimajoto? Dondosha tone kwenye maji baridi: likigeuka kijidonge laini unachoweza kukibonyeza kwa vidole, shira imefika. Imimine juu ya lozi gramu 250 zilizosagwa, koroga kwa mwiko, funika, acha ipoe hadi uweze kuigusa, kanda. Likivunjikavunjika, nyunyiza maji kwa ncha za vidole, si kwa kikombe. Donge la shira ni laini zaidi, halichachi upesi, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko la ute. Ila la ute ni rahisi, na sote tuna siku za uvivu.

Asili yake ni wapi?

Toledo ya Hispania wanasema kwao, Lübeck ya Ujerumani wanasema kwao, Sisilia nao hawakubali kushindwa. Nisiingie kwenye ugomvi huo. Ila jina "lozi" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, lawz, na mapishi ya Baghdad ya karne ya 10 yana kitamu cha lozi na sukari kiitwacho lauzinaj. Hapo mtu atapima mwenyewe.

Nianze kuoka nini?

Biskuti laini za lozi. Zina vitu vichache, na zitakuonyesha mara moja kama donge lako ni zuri.

Chukua donge gramu 250, likatekate. Tia sukari gramu 80 na chumvi kidogo, saga au ponda mpaka vichanganyike kama mchanga uliolowa. Ongeza ute wa yai moja kidogo kidogo. Unataka mchanganyiko unaonata mikononi lakini unaosimama ukiuweka kwenye trei. Funika, weka kwenye friji saa moja. Finyanga vidonge vya ukubwa wa kokwa ya jozi, viviringishe ndani ya sukari ya unga, tena kwa wingi, uviweke juu ya karatasi ya kuokea na kuvibonyeza kidogo. Viache nje dakika 20 hadi 30 vipate ngozi. Oka nyuzi 165 kwa dakika 15 hadi 18.

Vitoe vikiwa na mipasuko juu na rangi ya dhahabu hafifu chini. Utavigusa utavidhani vibichi. Usivirudishe! Vinajikaza vikipoa, na aliyevisubiri vikaze ndani ya oveni atakula mawe kesho yake.

Zangu zimetandaa zikawa kama chapati.

Ute ulizidi, au donge ulilotumia lilikuwa marzipani, au hukuzipumzisha. Kwa waliobaki na mchanganyiko: ongeza vijiko viwili vya lozi zilizosagwa, rudisha kwenye friji.

Na keki? Mbona donge linabaki mabonge?

Kwa sababu umelitia mwishoni, au ukalitia likiwa baridi kwenye siagi laini. Donge ndilo linaloanza. Likune kwa kikunio kama unavyokuna karoti, lisugue na sukari mpaka litawanyike, ndipo ulete siagi.

Keki ninayoirudia: donge gramu 200, sukari gramu 120, siagi laini gramu 150, mayai manne, unga wa ngano gramu 100, baking poda kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na maganda ya limau yaliyokunwa. Donge na sukari kwanza. Kisha siagi, piga mpaka iwe nyepesi. Kisha yai moja moja, likiwa na joto la chumba. Mchanganyiko ukionekana umekatika, tia kijiko cha unga, uendelee. Unga ukunje kwa mwiko mwishoni. Sufuria la keki la sentimita 20 hadi 22, nyuzi 165, dakika 45 hadi 55. Ikiwahi kukolea rangi, ifunike kwa foili baada ya nusu saa. Sukari na lozi hukolea haraka.

Ina unyevu mwingi, kwa hiyo kijiti hakitoki kikavu kabisa. Bonyeza katikati kwa kidole: ikirudi, imeiva. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, na siku ya tatu pengine kuliko zote, kama itafika.

Franjipane ni nini hasa?

Ni malai mazito ya lozi, siagi na mayai yanayookwa ndani ya ganda la keki, chini ya matunda au peke yake. Wafaransa huyatia ndani ya keki yao ya Januari, ile inayofichwa kijidude ndani yake na atakayekipata anavishwa taji. Kwa donge la nyumbani: donge gramu 200, siagi gramu 100, mayai mawili, unga gramu 30. Changanya mpaka iwe laini, uachie hapo. Ukiipiga sana inajaa hewa, inaumuka oveni kama puto, kisha inabonyea na kuvuta matunda yako chini. Jaza ganda nusu hadi theluthi mbili, si zaidi.

Mchanganyiko huohuo ukiupaka ndani na juu ya kruasani za jana zilizolowekwa shira kidogo, kisha ukazioka nyuzi 175 kwa robo saa, utaelewa kwa nini waokaji hawatupi kruasani zilizolala.

Nikijaza kwenye mkate au skonzi, linavuja.

Umeliweka laini mno au karibu mno na ukingo. Kwa kujazia, donge liwe gumu kiasi cha kufinyangika. Lisukume liwe mti mnene kama kidole gumba, lilaze katikati ya unga, acha sentimita mbili kila upande, paka maji ukingoni na ubane vizuri, mshono ukae chini. Hivyo ndivyo stollen ya Wajerumani hubeba donge lake katikati kwa urefu wote wa mkate. Likiwa limetoka kwenye friji, liache lipate joto la chumba kwanza. Donge baridi huchelewesha hamira pale linapogusa, ukabaki na utando mbichi unaonata kulizunguka.

Mgeni wangu hali ngano. Na mwingine ana mzio wa lozi.

Wa kwanza mpe biskuti nilizozieleza juu. Hazina ngano hata chembe, mradi uangalie sukari ya unga isiwe imechanganywa na wanga wa ngano. Wa pili usimjaribu, hata kwa arki, na osha mashine na mwiko kabla hujampikia kingine. Korosho inatoa donge laini zuri, lakini wenye mzio wa lozi wengi wana mzio wa jamii nyingine za njugu pia, kwa hiyo uliza, usikisie. Mbegu za alizeti ni njia moja ya kutokea, ila ukiziokea pamoja na magadi au baking poda zinaweza kugeuka kijani. Hazijaoza. Ni kemia tu, na wageni watacheka.

Hukaa muda gani?

La ute: wiki moja kwenye friji, limefungwa nailoni bila hewa. La shira: mwezi, ukilishika kwa mikono mikavu. Kwenye friza yote mawili hukaa miezi mitatu bila shida. Ligawe kwenye vipande vya gramu 200 kabla ya kugandisha, uandike tarehe, kisha liyeyushe ndani ya friji likiwa bado limefungwa, la sivyo jasho lake linaingia ndani.

Likikauka, likande na matone ya maji au asali kidogo. Likinuka rangi ya kuta, mafuta yamechacha, tupa.

Viini vya mayai vinavyobaki nifanyie nini?

Kimoja kipige na tone la maji. Finyanga mabaki ya donge vipande vidogo, umbo lolote, vipake kiini, viache vikauke, vipake tena. Viingize chini ya moto wa juu wa oveni dakika mbili au tatu mpaka migongo ibabuke kahawia na ndani pabaki laini. Toledo huvifanya hivyo. Usiende kujibu simu wakati huo. Kati ya dhahabu na mkaa hapo kuna sekunde kama 20.